Mkoba bila boksi nani atausemea?

NDUGU msomaji, wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Usemi huu umekaa vinywani mwetu miaka na miaka, na aghalabu hakuna anayeuhoji. Juma hili nataka tuuhoji. Tuuchukue tuupeleke sokoni Makambako, kisha tuufikishe hadi Igwachanya, makao makuu ya Wilaya ya Wanging'ombe mkoani Njombe. Huko tuuweke mbele ya mkoba wa kike ulioshonwa Ulaya kwa ngozi halisi na kampuni yenye jina kubwa duniani. Mkoba huo umefika ndani ya belo la mitumba. Hauna boksi lake, hauna mfuko wake wa kitambaa, hauna kadi, hauna risiti, na pengine hata mkanda wake wa begani umepotea njiani. Je, mkoba huo mzuri utajiuza wenyewe?

Jibu langu ni hapana. Utauzwa kwa bei ya kikapu cha nyanya, au hautauzwa kabisa, kwa sababu hakuna wa kuusemea. Mezani pa jirani, mkoba wa bandia uliokaa ndani ya boksi linalong'aa utauzwa kwa bei mara tano au sita. Hapo ndipo usemi wa wahenga unapohitaji nyongeza. Kitu kizuri hujiuza pale tu mnunuzi anapoweza kukijua. Asipoweza kukijua, kinachouzwa ni ushahidi wa kitu, wala si kitu chenyewe. Na ukiitazama kwa makini historia ya biashara katika nchi zetu hizi, utaona kwamba mwenye kushika ushahidi ndiye daima aliyeshika bei.

Tuanze na neno lenyewe. Kabla ya kuwa kitu cha akina mama wa mjini, mkoba ulikuwa mfuko wa ngozi wa mwindaji na wa mganga. Ndani yake mlikuwa na vifaa vya kazi na siri za kazi. Mwenye mkoba akizeeka au akifa, mkoba ulikabidhiwa kwa mrithi. Mpaka leo kiongozi akiondoka madarakani na mwingine akashika nafasi yake, sisi waandishi wa habari huandika kwamba fulani amerithi mikoba ya fulani. Mkoba ule wa zamani haukuwa na boksi wala kadi. Thamani yake ilitokana na kujulikana umetoka kwa nani, umepokewa na nani, na mbele ya mashahidi gani. Ukiuokota porini ulikuwa ngozi tu. Ukikabidhiwa mbele ya ukoo, ulikuwa mamlaka.

Bibi zetu wao hawakuhitaji mkoba. Fedha ilifungwa kwenye pindo la kanga, na mizigo ikakaa ndani ya kikapu. Katika nyanda zile za Iringa na Njombe, vikapu vilivyosukwa kwa milulu vilijulikana kwa mkono wa msukaji. Mnunuzi alimjua msukaji, au alimjua anayemjua. Hapo ushahidi na bidhaa vilitembea pamoja.

Mambo yalianza kubadilika bidhaa za mbali zilipoingia. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, akafika Unguja. Meli kutoka bandari ya Salem, jimbo la Massachusetts, zilileta kitambaa cha pamba kigumu, kizito, kisichopakwa rangi. Watu wetu wakakiita merikani, yaani wakakipa jina la kilikotoka. Kitambaa hicho kilipanda na misafara kutoka pwani hadi bara, na mahali pengi kikawa kama fedha. Viwanda vya Uingereza na vya India vilipoona soko hilo, navyo vikafuma kitambaa cha kuiga. Basi mnunuzi wa karne ya 19, ambaye hakuwahi kuiona Salem wala kuisikia, alilazimika kujifunza kukitambua kitambaa kwa kukipapasa na kukipima uzito kwa mkono. Wazee wale hawakuwa wajinga hata kidogo. Mikono yao ilikuwa shule.

Kanga nayo ilifuata njia yake. Ilipozaliwa pwani mwishoni mwa karne hiyo hiyo, wafanyabiashara walitafuta namna ya kuweka ushahidi ndani ya nguo yenyewe. Wenyeji wa Mombasa wanaijua kanga ya Kaderdina Hajee Essak yenye maneno "Mali ya Abdulla". Alama ile imechapwa kwenye kitambaa, si kwenye karatasi ya kufungia. Unaweza kuitupa karatasi, lakini alama itabaki. Hilo lilikuwa jambo la busara, nasi tutalirudia mbele.

Sasa tuvuke bahari twende Ufaransa, ambako mikoba hii yenye jina inatoka. Louis Vuitton alifungua duka lake la masanduku ya safari mjini Paris mwaka 1854. Masanduku yake yalipopendwa, wengine wakayaiga. Mwaka 1888 kampuni ikatoa kitambaa chenye miraba, kikiwa na maandishi ya kutangaza kwamba alama hiyo imesajiliwa. Waigaji hawakukoma. Mwaka 1896 mwanawe, Georges Vuitton, akabuni mchoro wa herufi L na V pamoja na maua, mchoro ambao leo unauona hata kwenye vifuniko vya viti vya daladala. Ndugu msomaji, tafakari kidogo. Mchoro uliobuniwa kuwashinda waigaji ndio huo umekuwa miongoni mwa michoro inayoigwa zaidi duniani. Alama ikishakuwa ushahidi, alama yenyewe huwa bidhaa, na bidhaa huigwa.

Boksi nalo lina kisa chake. Kampuni ya Hermès, iliyoanza mwaka 1837 kwa kutengeneza hatamu na matandiko ya farasi, inajulikana kwa boksi la rangi ya chungwa. Wapo watu leo wanaonunua boksi hilo tupu, bila kitu ndani. Lakini rangi ile haikuchaguliwa kwa fahari. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia karatasi nzito ilikuwa adimu Ufaransa, na rangi iliyozoeleka haikupatikana. Mtengenezaji akatumia iliyobaki, nayo ikawa ya chungwa. Kwa maneno mengine, boksi linaloheshimiwa hivi leo ni mtoto wa uhaba. Sisi Watanzania tuliopitia, au tuliosimuliwa, miaka ya foleni tunaweza kulielewa jambo hilo vizuri kuliko wengi.

Baadaye zikaja kadi na namba. Kampuni ya Chanel, ambayo mkoba wake maarufu uitwao 2.55 ulipewa jina kutokana na Februari 1955 ulipozaliwa, ilianza katikati ya miaka ya 1980 kubandika namba ndani ya mkoba na kutoa kadi yenye namba hiyo hiyo. Louis Vuitton ilikuwa ikigonga ndani ya mikoba yake herufi na tarakimu za kuonyesha mahali na wakati ilipotengenezwa. Hivyo mkoba ukawa na kitu kama cheti cha kuzaliwa. Anayeuza mkoba uliotumika alitakiwa kuonyesha cheti, boksi, mfuko na risiti, na asiye navyo akakatwa bei.

Na ilikuwa mwaka 1984, kwa mujibu wa masimulizi ya Hermès yenyewe, ambapo mkuu wa kampuni hiyo, Jean-Louis Dumas, alikaa ndani ya ndege karibu na msanii Jane Birkin. Mama huyo alikuwa na mazoea ya kutembea na kikapu, na vitu vyake vikamwagika. Akalalamika kwamba hapati mkoba wa kumfaa mama mwenye mtoto. Dumas akachora, na mkoba wa Birkin ukazaliwa. Naam, mkoba ambao huenda ndio maarufu kuliko yote duniani ulitokana na upungufu wa kikapu.

Mwaka huo huo wa 1984 una maana nyingine kabisa kwetu. Tanzania ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Fedha za kigeni zilikuwa zimekauka, na viwanda vya nguo kama Urafiki cha Dar es Salaam na Mwatex cha Mwanza vilikosa vipuri na malighafi. Maduka ya RTC yalikuwa na rafu zaidi kuliko bidhaa. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako mkali dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, na watu wengine wakatupa bidhaa zao mitoni kwa kuogopa kukamatwa nazo. Kisha katika bajeti ya Juni 1984, Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha, mlango ukafunguliwa. Mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana fedha hizo alizipata wapi. Mzee Ali Hassan Mwinyi alipoingia Ikulu Novemba 1985 mlango ukapanuka zaidi, naye wananchi wakampa jina la Mzee Ruksa.

Mlangoni hapo mitumba iliingia kwa kishindo. Ilikuwapo hata kabla, lakini kwa uchache na kwa kujificha. Sasa ikawa halali na tele, nayo ikaivisha nchi. Kwa watu wa Njombe, ambako baridi ya Juni na Julai haina mzaha, koti na sweta za mitumba hazikuwa anasa. Zilikuwa afya.

Tuyaangalie majina ambayo watu walizipa bidhaa hizo, maana majina hayadanganyi. Kwetu wengine waliziita kafa Ulaya, wakiamini mwenyewe amefariki huko ndipo nguo zikaletwa huku. Jina hilo, ukilichunguza, ni jaribio la kuipa bidhaa historia. Bidhaa imekuja haina karatasi, basi wananchi wakaitungia asili. Rwanda na Burundi waliziita chagua, na Zambia salaula, neno la kuchakurachakura katika rundo. Hao walizipa jina la kazi ya mnunuzi, yaani kuchagua kwa jicho na mkono. Nasi hatimaye tukakubaliana na neno mitumba, yaani mafurushi, marobota. Ona ajabu hiyo. Bidhaa iliyopoteza boksi lake la kwanza tukaiita kwa jina la boksi lake la pili.

Kwa nini basi mkoba hupoteza boksi lake? Kule Ulaya na Amerika, mama mwenye mkoba hukaa na boksi kabatini miaka michache, kisha hulitupa anapohama nyumba. Mkoba akiuchoka huupeleka kwenye duka la hisani au huutia katika sanduku la kukusanyia nguo barabarani. Hapo mkoba bado una nafasi ya kujulikana, maana wachambuzi wa maghala huondoa vitu vya jina na kuviuza huko huko. Unaopita machoni mwao hubanwa kwa mashine pamoja na wenzake, ukafungwa kwa mikanda katika belo la kilo 45 hivi, ukatiwa kwenye kontena. Tangu hapo hauitwi tena kwa jina la aliyeushona. Unaitwa kilo.

Hili la kilo si mzaha. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipokubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, hesabu ilikuwa ya uzito. Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo kuukuu kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola mbili na nusu. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao mwaka 2017. Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma, Rwanda ikasimama, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia Rwanda nafuu ya ushuru kwa mavazi yake chini ya mpango wa AGOA. Kila upande ulikuwa na hoja yake, na leo sina nia ya kuamua kesi hiyo. Ninachotaka tuone ni kwamba katika ugomvi wote ule kitu kilichovaliwa kilihesabiwa kwa kilo, awe aliyekishona ni fundi maarufu wa Paris au mashine ya uchochoroni.

Belo hutoka Dar es Salaam kwa barabara kuu ya kwenda Zambia. Linafika Makambako, mji uliokuzwa na njia panda. Hapo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapita, na barabara ya Njombe na Songea inachepuka. Kutoka Makambako mzigo hugawanywa, na wafanyabiashara wadogo, wengi wao akina mama, huchukua kidogo kidogo kwenda nacho kwenye magulio ya vijiji na miji midogo kama Igwachanya. Wengi mtaji wao umetoka kwenye vikoba. Mama anafungua belo lisiloonyesha kilichomo. Hiyo ndiyo tunaita kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tofauti ni kwamba hapa mnunuzi anajua kuwa ni gunia na bado analipa, kwa kuwa hana njia nyingine.

Nimewahi kusimama kwenye meza mbili za mikoba pale Makambako. Meza ya kwanza ilikuwa na mkoba ndani ya boksi, umefungwa utepe, una kadi, na bei yake ilikuwa shilingi 120,000. Niliisoma kadi ile. Jina la kampuni lilikuwa limepungukiwa herufi moja. Meza ya pili ilikuwa na mikoba iliyolundikwa, kila mmoja shilingi 15,000. Mmoja ulikuwa wa ngozi nzito, nyuzi zake zimenyooka kama mistari ya daftari, zipu inateleza, bitana imeshonwa wala haikugundishwa. Ulikuwa umekwaruzika kona moja na hauna mkanda. Nilimwuliza mama mwenye meza kwa nini huu asiupandishe bei kidogo.

"Kaka yangu, hauna boksi," akanijibu. "Nikisema ni wa maana nani ataniamini?"

Sentensi ile ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Mama yule aliujua mkoba. Mkono wake ulikuwa umemwambia, kama mikono ya wazee wa merikani ilivyowaambia. Alichokosa si ujuzi wa bidhaa. Alikosa wa kumsadiki. Na kwa kukosa hilo, thamani ya mkoba ule ilikuwa inamsubiri mtu mwingine, pengine kijana wa Dar es Salaam mwenye simu nzuri, anunue kwa 15,000, ausafishe, aupige picha, auze kwa bei ya kodi ya nyumba ya miezi mitatu. Gikomba kule Nairobi wameshazoea. Nguo bora za belo hutolewa mwanzo kabisa, huitwa kamera, na wanunuzi wake ni wale wanaojua watamwuzia nani.

Sasa wapo watakaomshauri mama yule atafute boksi tupu, auvike mkoba. Huo, ndugu zangu, ni ushauri mbaya hata kama mkoba ni halisi. Ukimvisha boksi lisilo lake umeutia uongo mkoba ambao haukuwa na uongo. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, ambayo tuliirithi kutoka ile ya Uingereza ya mwaka 1893, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo yake. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 nayo inakataza kuuza kwa alama ya uongo, na Tume ya Ushindani imekuwa ikikamata na kuteketeza bidhaa bandia. Aliye na mkoba usio na boksi hana kosa lolote. Anayebuni boksi ndiye anayejitafutia kosa.

Tena karatasi hazithibitishi kitu kama watu wanavyodhani. Louis Vuitton haikuwa na desturi ya kutoa kadi ya uhalisi kama wengine. Kwa hiyo mtu akikuonyesha mkoba wa Louis Vuitton wenye kadi nzuri ya uhalisi, kadi hiyo ni sababu ya kuongeza shaka badala ya kuiondoa. Kadi huigwa, boksi huigwa, risiti huigwa. Kilicho kigumu kuigwa ni kazi: mshono uliohesabiwa, chuma kizito, herufi zilizogongwa sawasawa, mchoro unaokutana vizuri kwenye maungio, ngozi ya mpini iliyobadilika rangi kwa umri na jasho la mkono. Kampuni zenyewe zimelitambua hilo. Mwaka 2021 Louis Vuitton ilianza kutia kidude cha elektroniki ndani ya mkoba badala ya zile herufi za zamani, na Chanel mwaka huo huo ikaachana na kadi zake. Wamerudi kwenye hekima ya kanga, yaani ushahidi ukae ndani ya kitu chenyewe. Lakini kidude hicho husomwa na kampuni, hakisomwi na mama wa Igwachanya. Ushahidi umerudi ndani ya mkoba, ila ufunguo wake umebaki Paris.

Basi muuzaji wetu afanye nini? Kwanza atofautishe kilichopungua. Boksi, utepe na mfuko wa kitambaa ni nguo za mkoba, na kukosekana kwake hakuupunguzii kazi. Mkanda, kufuli na funguo ni viungo vya mkoba. Vikikosekana, bei ipungue kwa haki, na mnunuzi aambiwe. Wengi hupoteza viungo hivyo siku ile ile ya kufungua belo, maana kufuli hutupwa kwenye kapu la vyuma na mkanda kwenye rundo la mikanda. Ukiona pete tupu pembeni mwa mkoba, tafuta mkanda wake ndani ya belo hilo hilo kabla hujauza kipande.

Pili, mkoba autunze. Mfuko ule wa kitambaa kazi yake ilikuwa kuzuia vumbi na jua. Kipande cha kanga safi kinafanya kazi hiyo hiyo. Mfuko wa nailoni haufai, hasa kwa hali ya hewa ya Njombe, kwa kuwa unyevu hujifungia humo na ngozi ikaota ukungu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, aseme kweli yote kabla hajaulizwa. Aseme: mkoba huu nimeutoa kwenye belo, sina boksi wala karatasi, siwezi kukuapia umetoka kiwanda gani, ila ngozi ni hii, mshono ni huu, mkwaruzo uko hapa, mkanda haupo. Akisema hivyo mara kumi bila kumdanganya mtu, mara ya kumi na moja watu watakuja kwa neno lake. Ndipo neno lake linapokuwa boksi, na boksi hilo haliigwi.

Kuna atakayeniambia kwamba hayo ni mahubiri, soko lina njaa. Namjibu kwa habari iliyotoka Paris tarehe 10 Julai 2025. Siku hiyo ulipigwa mnada mkoba ule wa kwanza kabisa wa Jane Birkin, ambaye alifariki mwaka 2023. Mwenyewe alikuwa ameutoa mwaka 1994 ili uuzwe kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Haukuwa mpya. Ulikuwa umechakaa, umekwaruzika, una alama za stika alizokuwa akibandika, na mkasi mdogo wa kucha ukining'inia. Uliuzwa kwa euro milioni 8.6. Chakavu zile hazikuupunguzia bei. Ndizo zilizoupandisha, kwa sababu kila mkwaruzo ulikuwa na shahidi. Dunia ilijua umetoka kwa nani, umepita kwa nani, umefikaje pale, kama ukoo ulivyojua mkoba wa mganga.

Mkoba wa mezani Makambako hautafika huko, wala hauhitaji kufika. Lakini kati ya shilingi 15,000 na haki yake kuna nafasi kubwa, na nafasi hiyo ni karo ya mtoto, ni mbolea ya msimu, ni marejesho ya kikoba. Kwa miaka zaidi ya 40 tumepokea vitu vya wenzetu vikiwa vimenyang'anywa majina yao, vikapimwa kwa kilo. Majina hayo hatuwezi kuyadai tena bandarini. Tunaweza, hata hivyo, kuliweka jina letu pale lilipokosekana lao, mradi liwe jina linaloaminika.

Kwa hiyo nyongeza yangu kwa wahenga ni fupi. Kizuri chajiuza, kikiwa mkononi mwa mkweli.

Tukutane juma lijalo.